Tazama Mvi, Usitazame Ukoo: Bi Rukaiya Anatuaga

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Rukaiya Abdulrahim anakabidhi funguo za chumba cha maandalizi, baada ya kukitumikia Kituo cha Safari za Jana, hapa Sekei, kwa miaka thelathini na miwili. Hiyo ni miaka ya kalenda. Miaka ambayo wasafiri wake wamekwenda nyuma na kurudi haina wa kuijumlisha. Mimi Jasmeet, fundi wa mitambo, nimepangiwa kuandika haya kwa sababu ndimi niliyegombana naye mara nyingi kuliko wote, na nadhani mkurugenzi anataka nitubu hadharani.

Aliajiriwa Julai 1993 kama karani wa mapokezi. Mashine yetu ilitoka ng'ambo, na saa zake zilihesabiwa kuanzia saa sita usiku, kama walivyozoea wenyewe. Mwezi wake wa kwanza tu kazini, familia moja ya Sombetini iliomba kwenda kuona harusi ya babu yao, saa nane mchana. Fundi wa wakati huo akaandika nane. Wakashushwa saa mbili asubuhi, uani kwa bibi harusi, na kwa kuwa siku ya shughuli mgeni aliyewahi haulizwi ametoka wapi, wakapewa visu. Walimenya ndizi kwa saa sita. Bi Rukaiya ndiye aliyegundua kosa, akabandika kando ya saa ya mashine saa nyingine inayohesabu kama sisi, na hadi leo ipo. Fundi huyo hakuwa mimi. Naomba hilo lieleweke.

Lakini sifa yake kubwa iko kwenye adabu. Msafiri wetu haruhusiwi kujulikana kwamba ametoka miaka ya mbele. Akijulikana, kituo kinafungiwa. Na kinachomsaliti mara nyingi ni salamu. Mwaka 1996 mteja wetu Bwana Kishor, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikwenda kumwona babu yake alipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Bwana Kishor, mtu mzima mwenye kitambi na mvi, akainama amguse miguu kumwamkia, kama alivyolelewa. Kijana akadhani anaibiwa viatu. Akapiga kelele, watu wakajaa, na katika kujitetea Bwana Kishor akasema yeye ni mjukuu. Tulifungiwa miezi minne.

Kituo kilipofunguliwa, Bi Rukaiya akawa ofisa maandalizi. Siku ya kwanza aliandika ukutani kwa rangi nyekundu: TAZAMA MVI, USITAZAME UKOO. Yaani huko uendako, mwenye mwili wa kizee ndiye anayeamkiwa. Ukimkuta bibi yako ana miaka kumi na minane, yeye ndiye atakayekupa shikamoo, nawe uitikie marahaba bila kutetemeka. Aliwafanyisha watu mazoezi mbele ya kioo mpaka watu wazima wakatoka humo wanalia. Tangu hapo, kwa miaka ishirini na tisa, hatujafungiwa hata siku moja. Mishahara yetu imesimama juu ya ukali wa mama huyu, na tuseme ukweli, hatukumshukuru inavyotakiwa.

Kila mfanyakazi ana haki ya safari moja kila baada ya miaka mitano. Za kwake Bi Rukaiya aligawa zote. Tulikuwa tunamtania kwamba ni mpishi asiyeonja chungu chake. Mwaka huu ndipo aliponieleza sababu. Mama yake, Sophia, alifariki kabla yeye hajatimiza miaka miwili. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa Bi Rukaiya ulimwengu ulijitahidi, maana mama yake mkubwa alimfundisha kuamkia mtaa mzima. Mtu mmoja tu ambaye yeye hakuwahi kumwamkia ni huyo mama yake. Aliogopa kwamba akimwona, shikamoo itamponyoka, na kituo alichokilinda kifungwe kwa mdomo wake mwenyewe. Nilimwambia aende, nitamsindikiza. Nilisema hivyo kwa ujasiri nisiokuwa nao.

Tuliondoka tarehe 14 Juni, tukashuka sokoni Tengeru, Jumamosi moja ya Machi 1966. Sophia alikuwa binti wa miaka ishirini, amepanga mafungu ya maharage juu ya gunia, na mtoto mgongoni kwa kanga. Alipoona mama mtu mzima anamjia, akainuka.

"Shikamoo, mama."

Bi Rukaiya akaitikia marahaba. Sauti haikutetemeka, ila mkono wangu ulikuwa mfukoni, kidole kwenye kitufe cha kuturudisha. Mtoto akaanza kulia. Wateja walikuwa wanasubiri, basi Sophia akamfungua mgongoni, akamwomba yule mama mgeni amshikie kidogo. Bi Rukaiya akampakata na kumbembeleza mpaka akanyamaza. Kisha akafanya jambo ambalo kina bibi wanalifanya kila siku: akamsemea mtoto. Akaushika ule mkono mdogo, akamwelekezea Sophia, akasema kwa sauti nyembamba ya kitoto:

"Shikamoo, mama."

Sophia akacheka. "Marahaba, mwanangu. Ukue upesi, uniamkie mwenyewe."

Nimepekua kanuni zetu zote sitini na mbili. Hakuna iliyovunjwa. Hakuna hata moja inayokataza mtu kujibeba mwenyewe, kwa sababu walioziandika hawakuwaza kwamba itatokea. Tulinunua mafungu mawili ya maharage, tukarudi Sekei, na mimi ndiye niliyelia njia nzima.

Bi Rukaiya, ahsante kwa kila msafiri uliyemrudisha salama na heshima yake. Ahsante kwa kutugombeza. Upate afya, usingizi wa mchana, wajukuu wasikuchoshe, na siku zako ziende taratibu.

Limebaki moja. Mlinzi wetu wa getini, Mzee Lesikar, anamzidi Bi Rukaiya miaka saba, na kwa kanuni ya pale ukutani yeye ndiye anayestahili kuamkiwa. Ameniomba niandike kwamba leo hatazami mvi. Nasi kituo kizima tuko nyuma yake: shikamoo, Bi Rukaiya.