Tangazo Lililorushwa Ijumaa Asubuhi

Nani aliruhusu sauti ya marehemu irushwe redioni juzi Ijumaa, mwili wake ukiwa mochwari? Swali hilo limezunguka msibani siku mbili, na familia inaomba mvumilie, kwani jibu lake limo ndani ya historia hii.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika zahanati iliyo nyuma ya soko, akiwa mtoto wa pili na kitinda mimba. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1987 hadi 1993, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1997, ambako aliadhibiwa mara mbili kwa kumwigiza mwalimu mkuu, kisha akapata stashahada ya utangazaji mwaka 2001. Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa na redio ya jamii, akitengeneza matangazo katika chumba kilichokuwa stoo, chenye mablanketi ukutani ya kuzuia mwangwi, na hapo alidumu hadi mwisho. Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 2008, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa tangazo la siku ya mtaa ya kupima shinikizo la damu bure, iliyopangwa kufanyika jana Jumamosi, uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kamati alimletea majina ya wageni rasmi kumi na mmoja pamoja na vyeo vyao, marehemu akayasoma huku akiangalia saa, yakala sekunde ishirini na nne kati ya thelathini, akamwambia, "Mzee wangu, hizi sita zilizobaki niwaambie watu waje wapi, au nipige makofi?" Majina yakaondoka yote. Aliandika upya mara saba, akimsomea jirani mshona nguo, na kila sentensi ambayo jirani alishindwa kuirudia aliifuta, hadi mwishoni likabaki: "Jirani, ni mimi. Kesho, uwanja wa shule, njoo upime, dakika tano tu. Nitakuwa mlangoni nakusubiri."

Yeye mwenyewe hakuwahi kupima, na hapa tusipambe maneno: dada yake alimsema, naye akajibu, "Nikimaliza hili, dada." Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa tisa alasiri, alilalamika kichwa, akaanguka kazini, na saa kumi na moja jioni hospitali ikatuambia ni kiharusi, amefariki. Hakuugua hata siku moja, ndiyo maana tumekaa hapa kama watu waliomwagiwa maji.

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, redio ya jikoni ikasema, "Jirani, ni mimi." Mama alidondosha sufuria, akakimbilia mlangoni bila viatu, akafungua, akasimama pale akimwita mwanawe. Mume wa marehemu akaapa kumfukuzisha kazi fundi mitambo wa redio, na fundi huyo, aliyeketi safu ya nyuma, amenyamaza siku mbili akitukanwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliohamia kwetu na masufuria yao, wafanyakazi wenzake, na kwa namna ya pekee fundi huyo, ambaye kazi yake isiguswe. Utulie salama, mdogo wetu. Fundi hana kosa, kwa maana Ijumaa, kabla ya saa moja, fundi alipiga simu nyumbani akauliza, "Dada, tangazo lake niliondoe?" na aliyepokea, akiwa bado hajaelewa alichoambiwa hospitali, akajibu, "Liache, akikuta limeondolewa atakasirika." Aliyepokea ni dada yake mkubwa, ndiye huyu anayewasomea.