Sekunde Thelathini na Nane

Benchi letu liko mbele ya duka la sigara la Mama Moto, pale mteremko wa hekalu unapokutana na barabara ya stesheni. Tunamwita Mama Moto kwa sababu ya jiko lake la mafuta ya taa. Huliwasha Novemba, hulizima Aprili, na juu yake birika halikosi. Kahawa ni ya unga, na kila mtu ana kikombe chake kwenye msumari wake. Wenye kijiwe ni Spana, fundi wa baiskeli, na Katibu, aliyestaafu ofisi ya mji lakini bado ni katibu wa kamati ya mbio. Mimi ni Fumie wa duka la tofu la jirani. Tangu niache shule ndiyo kazi yangu, na tofu ikiisha, kama saa nne asubuhi, nakuja kukaa nao. Wiki tatu sasa tunazungumza jambo moja tu.

Jambo lenyewe ni mbio za kupokezana za mkoa. Kila mji hutoa wakimbiaji saba, na mji wetu wa Mizuochi una utepe wa zambarau unaovaliwa begani ukakatiza kifuani. Ukimaliza kipande chako unauvua na kumpa anayefuata. Miaka thelathini na moja utepe wetu ulikuwa haujawahi kukatikia njiani. Lakini polisi hawafungi barabara siku nzima. Timu ikiachwa dakika kumi na inayoongoza, mkimbiaji wake anayefuata huanzishwa kwa mlio wa bastola, akiwa amevaa utepe mweupe wa waandaaji, hata kama mwenzake anaonekana anakuja.

Chizuru Hatano alikimbia kipande cha tatu, cha kilimani. Mimi nilikuwa wa nne. Alichelewa sekunde thelathini na nane. Nilimwona kwenye kona, utepe ameshauvua, ameuzungusha kwenye ngumi. Bastola ikalia, nami nikaondoka na ule mweupe.

Tangu siku ile hajatoka nyumbani. Kiwanda cha soksi kinamshikia nafasi yake mpaka mwisho wa mwezi. Baba yake alipita mlango kwa mlango na maboksi ya maandazi ya maharage matamu, akiinama na kuomba radhi kwa niaba ya binti yake, na kila mlango ulipokea. Boksi la kijiwe lilikuwa wazi katikati yetu asubuhi hiyo, yamebaki matatu. Saa kumi kamati ingekutana kuamua kama jina la Chizuru lifutwe kwenye timu, na Katibu alitaka aende na sababu iliyoiva.

Sababu zote za Katibu zimo kwenye daftari lake la damu. Kwetu mtu akiulizwa tabia yake hutaja kundi la damu, na Katibu ndiye aliyepanga timu kwa makundi. A aliwaweka mwanzo, kwa kuwa ni waangalifu. O aliwaweka penye watu wengi. B alimweka kilimani kwa sababu B hupenda kuwa peke yake. AB alimweka mwisho kwa sababu hakuna anayemwelewa, hata wapinzani.

— B ndiyo alivyo, alisema akipuliza kahawa. Akijisikia anakwenda, asipojisikia haendi. Nilimpa kilima chake, hakujisikia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Ile ilikuwa lami, Katibu, Spana akamwambia.

— Lami nayo ina ukingo.

Spana alikuwa na maelezo yake, na kama kawaida yalitoka kwenye sanduku la vifaa. Kwake kosa halikuwa la B peke yake. Kosa lilikuwa la A kumpokeza B. Alitutolea nati mfukoni. Nati ya inchi ukiifunga kwenye boliti ya milimita, itaingia raundi mbili ukidhani mambo mazuri, halafu inakwama, na hapo hata baba yako haifungui. Daigo wa zimamoto, aliyekimbia kipande cha pili, ni A. Kwa hiyo Chizuru alikwama tangu alipoushika utepe, mambo mengine ni ushahidi tu.

— Damu nzito kuliko maji, Mama Moto akasema kutoka ndani ya kidirisha.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa, mama?

— Inaingia. Wewe panda kilima na kitu kizito uone.

Walibishana hivyo mpaka andazi moja likaliwa. Spana alisema mwakani timu iwe ya O watupu, kwa sababu O hushikana. Katibu akafungua daftari, akahesabu O wa mtaa wetu: saba kamili, lakini wawili wanatembelea mkongojo na mmoja anatarajia kujifungua Machi. Spana hakukata tamaa. Aliuliza kama haiwezekani mtu wa kilimani akaongezewa chupa mbili za damu ya O wiki ya mashindano, kama vile baiskeli inavyobadilishiwa mafuta.

— Atakufa, Mama Moto akamwambia.

— Atakufa akiwa na umoja.

Mama Moto akatuambia kuhusu nyani wa nyuma ya hekalu. Theluji ikianza, hukaa arobaini kwa pamoja, wamekumbatiana kama mpira, wadogo katikati, na hajawahi kusikia wameulizana makundi. Nilidhani hapo wangenyamaza kidogo. Katibu alichukua kalamu, akasema wazo ni zuri, inafaa nyani wapimwe, kwa sababu huenda wote ni O na sisi hatujui. Alikuwa hatanii. Aliliandika.

Nikatazama ng'ambo ya barabara. Nyumba ya kina Hatano inaonekana kutoka benchini, na dirisha la juu lilikuwa limefungwa pazia kama jana na juzi. Saa kumi zilikuwa mbali bado, lakini niliona jinsi jambo litakavyokwenda. Katibu angesoma daftari, wazee wa kamati wangetikisa vichwa, na jina lingefutwa kwa upole, bila mtu kusema neno baya. Sisi hatusemi maneno mabaya.

— Mguu ulikuwa unamuuma, nikasema.

Spana aliweka kikombe chini. Nikawaeleza yote, kwa sababu nilikuwa nimeanza. Oktoba, kwenye bafu la mtaa, Chizuru alinionyesha mfupa wa mguu wa kushoto chini ya goti. Ulikuwa umevimba, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Alikuwa anakimbia hivyo hivyo kila alfajiri. Aliniuliza kama amwambie Katibu. Nikamjibu kwamba majina yameshachapishwa, zimebaki wiki tatu tu, kila mtu ana maumivu yake, avumilie. Aliitikia, akajimwagia maji, hatukulizungumza tena.

— Mbona hukutuambia? Katibu aliuliza taratibu.

— Nilifikiri nikisema timu itavurugika.

Nilisubiri wanikasirikie. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeogopa hilo, na sasa nililitamani. Kama wangenigombeza, labda jina lingehama kwenye meza ya kamati, likatoka la Chizuru likaingia langu. Katibu alipekua daftari mpaka ukurasa wangu, akaweka kidole, na uso wake ukakunjuka kama wa mtu aliyeokota ufunguo wake.

— Wewe ni O, binti. O hufunika mambo ili watu wapatane. Hii hapa, nimeiandika tangu mwaka juzi.

— Si ndiyo hayo? Spana akasema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndiyo ile bastola. A, halafu B, halafu O. Nati, boliti, na washa ya mpira. Ingeshikaje?

— Kwa hiyo si kosa la mtu, Katibu akasema. Ni mpangilio.

— Basi jina lake lisifutwe, nikamwambia.

— Mpangilio unasema lifutwe, mjukuu wangu. Si mimi.

Nikautazama ukurasa wangu. Mtu akikuonyesha mahali ulipoandikwa, unaanza kujiona umekaa pale kweli.

Wakati huo wote kulikuwa na kijana wa gesi. Ni mpya kwenye njia yetu, ametoka pwani ya kaskazini, na tulikuwa hatujajua jina lake. Alikuwa amebadilisha mtungi nyuma ya duka, Mama Moto akampa kahawa kama anavyowapa wote wanaoleta kitu, naye akainywa amesimama, kofia mkononi. Aliporudisha kikombe hakuondoka.

— Samahani, wazee. Mimi mgeni, sijui mbio zenu. Huo utepe wa zambarau, yule dada alimpa nani?

— Hakumpa mtu, Spana akajibu. Ndiyo shida yenyewe, bwana. Fumie huyu alishaondoka.

— Hapo nimeelewa. Ila dada alifika, si ndiyo? Alifika na utepe mkononi. Sasa pale alipofika, nani aliupokea?

Katibu alisema waamuzi. Halafu akakumbuka kwamba waamuzi walikuwa kwenye gari, wananifuata mimi. Spana akasema basi dereva wa basi la kuokota wakimbiaji, lakini dereva alikuwa shemeji yake, na alishamsimulia kwamba Chizuru alikaa kiti cha nyuma ameweka ngumi kwenye jaketi mpaka mjini. Mama Moto akauliza kuhusu boksi la kamati la vifaa vya mbio. Katibu akaeleza. Boksi lilirudi ofisini jioni ile ile ya mbio, akalifunga yeye mwenyewe, na ndani mlikuwa na utepe mmoja tu, ule mweupe wangu unaotakiwa kurudishwa kwa waandaaji. Alidhani ule mwingine anao Spana. Spana alidhani anao Katibu.

Kijana wa gesi alitutazama mmoja mmoja. Si kwamba alitaka kutuumbua. Alikuwa anasubiri jibu tu, kama mtu anayeuliza njia.

Wiki tatu. Tulikuwa tumepima damu ya mji mzima, na hakuna aliyeuliza ulipo utepe. Wote tulijua sasa. Tulijua na chumba, na upande wa dirisha. Kuupata ni kwenda pale, kugonga, na kunyoosha mikono miwili kama inavyopokelewa.

Katibu alisema labda ofisi iandike barua. Spana alisema ana tairi la mtu linamngoja, akatundika kikombe chake. Kijana akainama, akamshukuru Mama Moto kwa kahawa, akawasha gari lake. Mama Moto akainua birika, akalitikisa, halikuwa na kitu.

Mpokeaji nilikuwa mimi. Jina langu lilikuwa limechapishwa kabisa, kipande cha nne. Kutoka benchini mpaka mlango wa kina Hatano ni hatua kama mia mbili, na hakuna kilima. Nilikaa nikiwaza nikigonga nitasema nini, na kila nilichokiwaza kilikuwa cha kutaka anisamehe. Saa sita ikapita. Katibu alifunga daftari, akaliweka kwapani, akashika njia ya ofisi ya mji mapema kabla ya wakati.

Nikaviosha vikombe.