Kisiki Kwenye Njia ya Noelene

Benchi la nje ya duka la mikate la mji wa Bindaroo lina wenyewe. Kila asubuhi wanakaa pale wastaafu watatu na kahawa zao za vikombe vya karatasi, wakijifanya wanasubiri mvua. Mji huu una mchezo wake wa kumpa mtu jina kinyume na alivyo. Yule anayeinama kupita mlangoni ni Mfupi, yule asiyefunga mdomo ni Kimya, na Mervyn Doolan, ambaye pai moja ya nyama humchukua asubuhi nzima, ni Haraka. Siku hiyo Mervyn hakuwa na hamu hata ya pai. Mkewe, Noelene, alikuwa anatoka hospitali keshokutwa, kwa kiti cha magurudumu. Mbele ya nyumba yao kuna ngazi ndefu, kama nyumba zote za huku zilizoinuliwa juu ya nguzo. Njia ya kiti ilikuwa moja tu, ya ubavuni, inayopanda taratibu hadi mlango wa nyuma, na katikati yake kilikaa kisiki cha mkafuri. Mti wenyewe Mervyn aliukatisha tangu majira ya baridi. Wakataji wakaondoka na magogo, kisiki wakamwachia yeye.

— Bado kipo? akauliza Kimya.

— Kipo, na kimechipua, akasema Mervyn. Kina majani mazuri kuliko ya kwenye bustani yako.

— Nilikwambia! Funga mnyororo, mwite mtu mwenye pikapu, vuta. Dakika mbili!

— Si ndivyo ulivyomfanyia fundi bomba? akadakia Mfupi. Bampa liling'oka, kisiki kikabaki kinacheka.

— Bampa lile lilikuwa bovu, bwana! Usinisingizie.

Mfupi akanyoosha miguu yake mirefu hadi katikati ya njia ya watu. — Haraka, msikilize mtu mwenye akili. Chukua keekee, toboa matundu, mimina maziwa yaliyochacha na chumvi. Kinaoza chenyewe.

— Kwa muda gani?

— Miaka miwili. Mitatu kukiwa na ukame.

— Nikamwambie Noelene asubiri hospitali miaka mitatu?

— Chakula cha pale si kibaya, akasema Mfupi, na Mervyn akacheka bila kupenda.

— Basi kichome, akasema Kimya.

— Moto umepigwa marufuku wiki nzima. Unataka nimlaki mke wangu nikiwa rumande?

— Nguruwe, basi! Unafukia mahindi na asali ya miwa chini ya mizizi, unamleta nguruwe mwenye njaa. Anachimba usiku kucha, asubuhi kisiki kimelala ubavu.

— Na nguruwe je?

— Nguruwe naye amelala ubavu, ameshiba. Mnamla kumkaribisha bibi.

Mfupi alitikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyesikia mganga akizungumza. — Nyie mnahangaika na kisiki. Kwa nini msihangaike na nyumba? Hapa nyumba si zinapakiwa nzima nzima kwenye lori na kuhamishwa kila siku? Ya mama Beryl ilipita hapa hapa na mapazia yake madirishani. Isukumeni ya Haraka hatua chache upande wa kushoto, njia imepatikana!

— Upande wa kushoto kuna jirani, akasema Mervyn.

— Asogee na yeye.

Walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Mervyn alicheka nao. Lakini miezi yote hii alikuwa akitoka kwenye benchi hili na mbinu mpya, akifika nyumbani anasimama mbele ya kile kisiki na sururu mkononi, anakipiga mara kadhaa, kiuno kinamkatalia, anaingia ndani.

Sela, dada kutoka visiwa vya Tonga aliyeanza kazi dukani wiki ile, alitoka kuokota vikombe. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani.

— Samahani, wazee wangu. Vya kwenu mliving'oaje?

— Vya kwetu vipi?

— Visiki vya nyumbani kwenu.

Mfupi alivuta miguu yake chini ya benchi.

— Mimi changu nimekiwekea beseni, ndege wanywe maji, akasema Mfupi.

— Changu naparia samaki juu yake, akasema Kimya. Urefu wake unafaa.

Mervyn aliwatazama kwa zamu. Kwenye kisiki cha Kimya alikuwa ameketi na bia miaka nenda rudi, na hata siku moja hakukiona kuwa ni kisiki. Hasira ikampanda, kisha ikamwishia, kikabaki kile alichokuwa akikimeza tangu mti uanguke.

— Noelene amesema anataka kuingia kwake akijisukuma mwenyewe, akasema. Hataki kubebwa kama gunia la viazi. Mimi peke yangu sikiwezi. Njooni mnisaidie.

Katika mji huu mtu atakuazima shoka, msumeno hata trela, lakini kuja uani kwako kushika kazi yako bila kuitwa ni kukuambia umezeeka. Na kuita, hakuna aitaye.

Kimya aliangalia pembeni kwanza.

— Miezi yote hii tulikuwa tunangoja uombe, Merv.

— Na mimi nilikuwa nangoja mjitolee.

— Wazee, akasema Sela, mnangoja nini sasa?