Nilivyokaribia Kuzama na Digrii ya Historia

Wazazi wangu mlioketi hapa, shikamooni. Wenzangu, amani kwenu. Nivumilieni. Haya sijawahi kuyasema mbele za watu.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Chome, huko juu milimani Upareni. Nilisoma historia chuo kikuu, nikafaulu vizuri, nikarudi nyumbani kusubiri ajira. Mwaka wa kwanza nilituma maombi kila mahali. Wa pili nilikuwa nateremka mjini Same na bahasha ya vyeti, napandisha nayo. Ofisi moja walicheka wazi: "Historia? Binti, sisi tunatafuta mhasibu." Wa tatu sikuteremka tena.

Ndugu zangu, nawaambia, kukata tamaa hakuna kelele. Niliacha kuoga. Ibadani sikwenda, maana wangeniuliza, "Bado tu?" Siku moja nikamsikia baba akimjibu mdogo wangu aliyetaka kwenda chuo, "Ukawe kama dada yako?" Siku hiyo nilimwomba Mungu anichukue. Nikatia madaftari yangu motoni, moja baada ya jingine. Mama akanikuta. Hakunifokea. Aliketi karibu yangu mpaka moto ukafa.

Wakati huo koo mbili kijijini ziligombania ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Kila upande ulidai babu zake ndio waliolichimba. Mtu alishakatwa panga. Mama akaniambia, "Si ulisomea kuuliza ya zamani? Nenda kaulize."

Nikaenda bila imani. Niliwahoji wazee mmoja mmoja, nikipima kama nilivyofundishwa: huyu aliona, huyu alisimuliwa, huyu ana lake. Bibi wawili wa koo hasimu, wasiosalimiana, walinitajia majina yaleyale ya waliobeba udongo bwawa lilipochimbwa. Yalikuwa ya koo zote mbili.

Nikayasoma kwenye mkutano wa kijiji. Kisha mzee mmoja akasema, "Basi turudishe zamu za maji."

Mama mmoja wa ofisi ya umwagiliaji alikuwepo, akaniuliza, "Kuhoji hivi umejifunzia wapi?"

"Chuoni. Historia."

"Njoo kwetu Jumatatu. Vijiji vyenye ugomvi kama huu ni vingi."

Ni ajira ya mkataba tu, na zipo siku giza lile hunirudia. Lakini nafanya kazi niliyoisomea. Nawashukuru bibi wale. Mmoja tumemzika juzi. Nakushukuru mama, usiiname, watu wakuone.

Kijana mwenzangu, elimu yako itazame upya hapohapo ulipo, kabla hujaihukumu. Na ninyi wazazi, mtoto akinyamaza siku nyingi, msingoje aseme. Ingieni alipo, mkae naye.