Mausi ya Marehemu Benedict

Benchi la Pantoni, hapa Kibiti, ni ubao mmoja mnene ambao Mzee Kondo huapa kuwa ulitoka kwenye kivuko cha zamani cha Ndundu, kabla daraja halijajengwa. Hakuna aliyewahi kumwona akiubeba, lakini anayeukalia na kunywa kahawa yake hana haki ya kubisha. Jioni hiyo, alasiri imekwisha swaliwa, walikaa watatu: Saidy fundi simu, aitwaye Volteji, Abdala mkulima wa mpunga, aitwaye Wakili kwa sababu alishinda kesi moja ya mpaka wa shamba na tangu hapo hajanyamaza, na Mwalimu Sixtus, mtu wa Songea, ambaye pikipiki ilimwangusha njia ya Mohoro ikamvunja mkono wa kulia, na kijiwe kikambatiza Ticha Plasta. Siku nyingine jina hilo lilimchekesha. Leo alishika kikombe kwa mkono wa kushoto na kahawa ilikuwa ikimwagikia gotini.

— Imerudi tena, alisema.

Walijua anasema nini. Pale shuleni Sixtus alikuwa amerithi kompyuta ya Mwalimu Benedict. Kila asubuhi aliingia kwenye setingi na kubadilisha vitufe vya mausi, cha kulia kifanye kazi ya cha kushoto, ili kidole cha shahada cha mkono wake mzima kipate kutumika. Na kila asubuhi iliyofuata alikuta vimerudi kama zamani, mausi ya mtu wa mkono wa kulia. Benedict alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Miezi mitatu iliyopita walimkuta mkono huo ukiwa juu ya mausi hiyohiyo, kichwa kimelala mezani, presha imeshamaliza kazi yake.

— Si ulisema inarudi usiku? aliuliza Volteji.

— Leo umeme ulikatika saa nne asubuhi. Ukarudi, nikawasha. Vimeshageuka. Na sikuwa nimeinuka hata kwenye kiti.

— Ulikuwa na nani?

— Peke yangu. Nilidhani.

Mzee Kondo aliacha kupepea mkaa.

— Sikujua kama vimegeuka, Sixtus aliendelea. Nikabonyeza jina la mtoto kama nilivyozoea, ikashuka orodha. Nikashtuka, nikabonyeza kitufe cha pili. Kumbe nimeangukia penye neno "ondoa". Jina likapotea.

— Jina la nani? aliuliza Kondo.

Sixtus alitazama chini.

— La Salama, mjukuu wako. Nimemrudisha, mzee, na nimemhakiki mara tatu. Lakini kesho saa sita mchana usajili wa mtihani wa kidato cha nne unafungwa. Watoto mia na kumi na wawili. Nikimfuta mmoja bila kujua, huyo hafanyi mtihani.

Aliogopa, na hakuona tena sababu ya kuficha. Tangu siku ya arobaini hakupita uchochoro wa nyumba ya Benedict. Akienda sokoni alizungukia stendi, jua likimchoma, ilimradi asiuone ule mlango. Ofisini alikaa ncha ya kiti, kama mtu aliyekiazima.

Volteji alikohoa kitaalamu.

— Mle ndani mna betri ndogo, saizi ya kifungo. Hiyo ndiyo kumbukumbu. Imekufa.

— Saa yake haijapotea hata dakika.

— Basi ni mtandao. Kuna mtu yuko mbali huko, anaishika mausi yako akiwa kwao.

— Huyo wa mbali ana shida gani na kidole cha Ticha Plasta? aliuliza Wakili. Sikilizeni. Kosa ni mkono. Mkono wa kushoto haushiki jambo la heri. Ndiyo maana wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

— Sasa hiyo inahusiana nini na mausi?

— Inahusiana na mkono.

Sixtus hakucheka. Kulikuwa na jambo ambalo alikuwa hajalisema, na sasa alilitoa.

— Si vitufe peke yake. Ninachokihifadhi pale kwenye kioo cha kompyuta, kesho yake hakipo. Na picha. Ukiwasha tu, inatokea picha ya Benedict amempakata mwanawe Vicky. Nimeitoa mara nne. Nikaweka maua. Asubuhi namkuta yeye, ananitazama.

Lori la mkaa lilipita barabarani na hakuna aliyegeuza shingo, ingawa Wakili huwa halipitishi lori bila kulitia kosa.

— Mohoro kulikuwa na fundi cherehani, alianza Mzee Kondo kwa sauti ya chini. Alikufa na nguo ya mtu haijakwisha. Kila aliyeirithi cherehani ile, alikuwa akishona mbele, uzi unarudi nyuma. Mpaka nguo ile ikamalizwa. Marehemu yule bado yuko kazini, mwalimu. Hajaagwa.

— Tufanye nini, mzee?

— Kombe. Yaandikwe maneno, yaoshwe, yale maji unyunyizie mausi.

— Mimi Mkatoliki, mzee.

— Mausi si Mkatoliki.

— Kweli kabisa, alidakia Wakili. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

— Mausi ikioga inakufa, alisema Volteji.

— Afadhali ife mausi, alijibu Wakili. Maana mie naona hivi, na msinikasirikie. Yule hana haja na mausi. Anamtaka mtu. Kiti kile kimeshachukua mmoja, na mtu mpweke hutafuta mwenzake wa kazi.

Alilisema hilo kwa raha ya mtu aliyepata hoja, kisha akaona uso wa Sixtus na akatamani kulirudisha. Mwalimu alikuwa ametua kikombe chini. Ndani ya plasta vidole vyake vilikuwa vya baridi.

— Kesho siendi, alisema. Nitaandika kuwa mkono umevimba. Wamtafute mwingine.

— Yupo mwingine anayeijua kazi hiyo? aliuliza Kondo.

— Hayupo.

— Mpaka saa sita atakuwa ameshapatikana?

Kondo alirudi kupepea mkaa, taratibu, bila kumwangalia.

— Salama amesoma kwa kibatari mwaka mzima, alisema. Lakini mie siwezi kukutuma kwa maiti.

Hapo ndipo walipomwona. Alikuwa amesimama nyuma ya jiko la kahawa, kanga ya kijivu mabegani, mfuko wa nguo mkononi: Rozalia, mjane wa Benedict, mshonaji wa sare za shule. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

— Habari za hapa.

— Nzuri, Mama Vicky. Karibu, karibu, alisema Kondo, akifuta kikombe kilichokuwa kisafi. Tulikuwa tunazungumza habari za...

— Nimezisikia. Nimeleta sketi ya Salama.

Aliikabidhi. Kisha akamgeukia Sixtus, na Sixtus akasimama bila kujua kwa nini amesimama.

— Mashine ile aliifunga mwenyewe, mwalimu. Mwaka jana walimu waliijaza sinema, wanafunzi wakageuza kila kitu ndani yake. Akaweka programu ya kuilinda. Mchana fanya utakalo, ila ikizimika tu inasahau yote, inarudi kama alivyoiacha. Umeme ukikatika ni vilevile.

— Nilikuwa naelekea kusema hivyohivyo, alisema Volteji.

— Na majina ya watoto? aliuliza Sixtus.

— Hayo yanakwenda mtandaoni, hayakai mle. Jioni alikuwa ananieleza kazi yake yote, mie nashona. Ukitaka mashine ikumbuke mkono wako, unaifungua kwa neno la siri, unageuza vitufe vyako, halafu unaifunga tena. Basi. Hata hiyo picha utaitoa.

Alisema "hiyo picha" bila kutetereka, na Sixtus ndiye aliyeinamisha macho. Muda wote huo alikuwa amemkimbia mtu aliyekuwa akilinda kazi isiharibiwe. Kesho saa sita haikuwa na meno tena.

— Neno la siri analijua nani? aliuliza.

Rozalia alitia mkono mfukoni, akatoa daftari lililojaladiwa kwa gazeti.

— Alikuwa mtu wa kuandika. Liko humu, na mengine ya kazi. Nililileta ofisini, wiki moja baada ya arobaini.

Sixtus alijua sasa kinachokuja, na hofu aliyodhani imekwisha ilirudi kwa mlango mwingine.

— Nikaambiwa hupo. Nikasema basi, nitarudi siku nyingine. Wakati nageuka nikakuona umetoka mlango wa nyuma, unapita kwenye mihogo, mkono umefungwa shingoni. Ulikuwa unakaribia kukimbia. Nikarudi nalo nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna mwalimu aliyebisha hodi kwangu, wala mtu wa benchi hili.

Alilinyoosha daftari.

— Nataka kujua tu, mwalimu. Ulikuwa unamkimbia yeye, au mimi?

Wakili alifungua mdomo apate methali, akaufunga. Volteji alikuwa akichunguza simu iliyozimwa. Mzee Kondo aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka machicha.

Sixtus alinyoosha mkono wa kushoto, akakumbuka kuwa mtu hapokei kitu cha mfiwa kwa mkono huo, akaurudisha. Wa kulia ulikuwa na plasta mpaka kwenye vidole. Daftari likabaki mkononi mwa Rozalia, katikati yao, naye hakulishusha.