Onyiego Mogire, Aliyesahau Njia ya Chemchemi

Ngo! Nyundo juu ya chuma, kisha kimya. Watu wa Riamaranga wa rika lake waliijua sauti hiyo: Onyiego amepigilia alama ya mpaka, na shamba la mtu limepata pembe.

Marehemu Mzee Onyiego Mogire alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 hapa Riamaranga, mtoto wa tatu wa Mzee Mogire Omwenga. Siku hizo hapa palikuwa migomba na malisho hadi bondeni, na mji wa Kisii ulikuwa mabati machache ng'ambo ya kilima.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, mwaka 1966. Mwalimu aliwahi kumfunga mguu kwenye dawati kwa kamba ya mkonge ili atulie. Alifika nalo mlangoni.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwashikia wapima ardhi mnyororo wa kupimia, akazunguka Kisii na Nyamira zilipokuwa bado wilaya moja. Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Mama Bochaberi wa Nyamache, wakajaliwa Lorna na Omwenga. Chai aliinywa akiwa amesimama, kikombe mkononi, macho njiani.

Mwaka 1983, akiwa sasa mpimaji, alipewa kazi ya kupima kijiji chake mwenyewe. Kila pembe ilipata chuma, lakini njia ya chemchemini haikuchorwa. Wenyeji hawakuitaja, naye hakuuliza. Tangu mababu, njia ya maji haikuwa ya mtu; nani angeipima? Mji ukapanda kilima. Viwanja vikauzwa kwa ramani, na ramani haikuijua njia. Kuta zikasimama, na akina mama wakazungukia barabara kuu na madumu ya maji kichwani.

Alistaafu mwaka 2006 lakini hakupumzika. Kila asubuhi alitoka na tepu mfukoni, akibisha lango baada ya lango, akiomba hatua mbili tu za njia. Bwana Salat, mwenye duka la vitambaa, alimkabili.

"Mzee, ukuta huu nimeujenga kwa ramani yako!"

"Ramani ndiyo iliyokosea, si wewe."

"Haya, nikibomoa, njia itaenda wapi? Si itagonga kwako?"

Ilikuwa kweli. Njia ya zamani ilipita ubavuni mwa nyumba ya marehemu, upande wa kulia, naye alikuwa ameiziba kwa michongoma. Kesho yake aliing'oa yote kwa mikono yake. Bwana Salat akabomoa ukuta, na wengine wakafuata mmoja mmoja, hadi mwaka 2019 mtu akaweza kuteremka moja kwa moja hadi majini.

Agosti 2024 moyo wake ulianza kudhoofika. Hata hivyo aliamka kila siku kuikagua njia, akiegemea bega la mjukuu wake, Natasha. Jambo moja lilimnyima utulivu, nalo ni kaburi lake: alitaka lichimbwe kushoto, lisizibe njia.

"Baba, kwetu mwanamume huzikwa kulia kwa nyumba," Omwenga alimwambia. "Watu watasema nini?"

"Hawatasema kitu. Watapita."

"Na kushoto ni kwa Mama."

Mama Bochaberi akadakia, "Miaka arobaini na minane umekataa kukaa, Baba Lorna. Leo unataka kiti changu?"

Tulicheka. Jibu hakupewa.

Alituacha asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025, nyumbani, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, Mama Bochaberi; watoto, Lorna na Omwenga; mjukuu, Natasha; na wote walioshuka leo kwa njia ile kuja kumzika. Mungu ampe utulivu ambao hapa duniani hakuutafuta.

Wengi mmeuliza kwa nini kaburi limechimbwa kushoto. Mama Bochaberi ndiye aliyeonyesha mahali. Anasema asubuhi ile marehemu alimshika kidole na kunong'ona:

"Sogea kidogo, mama. Watu wapite."