Mkuu wa Shule Aliyenyoosha Mkono

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti karibu na redio. Kama kuna sufuria jikoni, punguzeni moto kidogo, maana leo tunamkumbuka mtu ambaye hakupenda kusikilizwa nusu nusu.

Tunamkumbuka Mwalimu Evodia Msengi. Alikuwa mkuu wa Shule ya Sekondari Kinamweru, kule Mkalama, ukishaipita Nduguti. Alifariki mwezi Aprili, nyumbani kwake Utemini, hapa Singida mjini. Kinamweru na Utemini. Shikeni majina hayo mawili, kwa sababu maisha ya mama huyu yalikuwa barabarani kati ya hapo na hapo. Kinamweru kulikuwa na shule iliyomtaka. Utemini kulikuwa na mume aliyemtaka pia.

Mume huyo ndiye aliyetusimulia. Ni Mzee Amosi, fundi seremala. Karakana yake iko uani, na ukipita mtaani kwao unasikia randa kabla hujamwona mwenyewe. Tulipofika tulimpa shikamoo, akaitikia, akatuonyesha mahali pa kukaa, akaendelea kupiga randa ubao wa mninga. Tukamuuliza anatengeneza nini. Akasema tusubiri, kwanza tumsikilize habari za mke wake.

Basi turudi nyuma. Mwalimu Evodia alipopewa Kinamweru, Mzee Amosi alimtengenezea kigoda kidogo cha mninga. Kigoda cha jikoni, wasikilizaji. Nia yake aje akikalie wikendi akichambua mboga, na yeye amsikie akiimba nyimbo za kwaya. Lakini wiki ya pili mama aliondoka nacho. Alikifunga nyuma ya bodaboda, juu ya mfuko wa nguo, akasema kule ofisini viti vimevunjika. Mzee alikitazama kigoda chake kikitokomea na vumbi la barabara ya Nduguti. Akasema, "Sawa, nimeelewa." Hakuwa ameelewa. Neno hilo nalo lishikeni, tutalirudia.

Kinamweru ilikuwaje? Ilikuwa mkiani. Matokeo yakitoka, watu wa wilaya walianza kusoma orodha kutoka chini ili waipate haraka. Walimu wengi walilala Nduguti na kufika jua likiwa limeshapanda. Msimu wa vitunguu nusu ya madarasa ilihamia bondeni. Wakuu wa shule waliomtangulia walikuja na fimbo, wakaja na vikao, wakaja na matangazo ukutani. Wakaondoka. Shule ikabaki pale pale.

Mwalimu Evodia hakuja na tangazo. Kwanza alihamia kwenye nyumba ya mwalimu iliyo ndani ya eneo la shule, ile iliyokuwa ya popo. Akawa anawahi kuliko kengele, na walimu wakaona aibu, mmoja mmoja wakaanza kuwahi. Halafu akatembea. Alipita nje ya madirisha, taratibu, akisikiliza. Na alichosikia kilikuwa kitu kimoja asubuhi mpaka jioni. Mwalimu anauliza, mmeelewa? Darasa zima linajibu, ndiyo mwalimu! Dirisha la pili, mmeelewa? Ndiyo mwalimu! Shule nzima inaelewa kila kitu, na mtihani ukija inaambulia sifuri. Hebu niambieni, hiyo si miujiza?

Sisi tuliokulia huku tunajua inatoka wapi. Nyumbani mtu mzima akisema, huulizi mara mbili. Ukimwomba arudie ni kama umemwambia hakusema vizuri. Mtoto aliyelelewa vyema anaitika, anaondoka, na yale ambayo hakuyaelewa anakwenda kuhangaika nayo huko mbele. Tunasema kuuliza si ujinga. Tunasema hivyo kila siku, na anayeuliza tunamkodolea macho.

Siku moja Mwalimu Evodia alibeba kigoda chake akaingia kidato cha pili. Mwalimu Laurenti alikuwa anafundisha hisabati. Laurenti alikuwa kijana, hodari, na ndiye mwalimu pekee wa hisabati shule nzima. Mama akaweka kigoda nyuma kabisa, akakaa. Laurenti akajua anakaguliwa, akanyoosha shati, akaongeza sauti. Akamaliza, akauliza, mmeelewa? Ndiyo mwalimu! Na kule nyuma mkono mmoja ukanyooka. Mkono wa mkuu wa shule.

"Samahani mwalimu," akasema. "Mimi hapo sijaelewa."

Laurenti akarudia, maneno yale yale. Mkono ukanyooka tena. Laurenti akaweka chaki mezani, akatoka nje.

Mambo yaliharibika, wasikilizaji. Ofisini walimu walisema mama huyu kaja kuwadhalilisha mbele ya watoto. Laurenti alisema wazi kwamba anaomba uhamisho. Na Laurenti akiondoka, hisabati imekwenda naye. Mwalimu Evodia alijua hilo kuliko mtu yeyote. Jioni ile alikwenda mpaka nyumbani kwa Laurenti, akapiga hodi, akakataa kiti. Mzee Amosi aliyapata maneno ya siku ile kutoka kwa Laurenti mwenyewe, msibani, na aliyatamka polepole alipotusimulia.

"Laurenti mwanangu, hisabati iliniacha nikiwa kidato cha pili. Nilikuwa naitika ndiyo kama hawa wanavyoitika. Sikuja kukukagua. Nimekuja kumalizia darasa langu."

Laurenti hakuhama. Aliingia darasani akiwa bado amenuna, akafundisha, na mkono wa nyuma uliponyooka akatafuta njia nyingine ya kueleza. Akaeleza kwa magunia ya vitunguu, kwa dalali anayekuja na lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo. Watoto wa Kinamweru wanamjua dalali. Macho yakafunguka. Mama akasema sasa ameelewa, na Laurenti anaapa kwamba kweli alikuwa ameelewa, hakusema hivyo kumfariji tu.

Ndivyo alivyofanya kazi, miaka tisa. Kigoda kiliingia kila darasa. Hakufoka. Alinyoosha mkono. Walimu wakaanza kujiandaa usiku wa kuamkia kipindi, wakaulizana wenyewe kwa wenyewe, hili tutalielezaje. Lakini watoto bado walikaa kimya, mpaka siku ya Ritha.

Ritha alikuwa binti mpole wa kidato cha tatu, anayeongea kwa kuangalia viatu. Siku hiyo aliyekuwa anafundisha ni Mwalimu Evodia mwenyewe, Kiswahili, somo lake, analolimudu kama anavyomudu kusonga ugali. Akauliza mmeelewa, wakaitika. Ritha akanyoosha mkono. Akasema hajaelewa. Wenzake walidhani atatimuliwa. Mama alimpa chaki, akaenda nyuma akakaa kwenye kigoda, akamwambia aonyeshe ubaoni pale alipopotea, waanzie hapo. Kumbe darasa zima lilikuwa limepotea pale pale.

Baada ya Ritha, mikono haikushuka tena. Ilifika mpaka vijijini. Katika kikao cha wazazi mzee mmoja alisimama kwa hasira, akashtaki kwamba shule inawafundisha watoto ujuaji. Alimtuma mjukuu wake na mbuzi, mjukuu akamwambia, babu, rudia, sijaelewa ni bonde lipi. Mwalimu Evodia akamsikiliza kwa heshima zote, akamuuliza kama mbuzi walirudi wote. Mzee akafikiri. Akakiri kwamba walirudi. Kikao kilicheka mpaka na yeye akacheka.

Je, Kinamweru ikawa ya kwanza? Haikuwa. Tusidanganyane, redio hii hainogeshi marehemu. Lakini ilitoka mkiani na haijarudi. Watoto wake wanakwenda kidato cha tano na vyuoni. Ritha leo ni muuguzi.

Sasa turudi Utemini, kwa yule aliyekuwa anasubiri.

Kila mwisho wa mwaka Mwalimu Evodia alimwambia mumewe neno moja. Mwaka huu tu, Baba Eliana. Wakishika kasi nitaomba kurudi mjini. Na kila mwaka Mzee Amosi alijibu, sawa, nimeelewa. Alikuwa ametengeneza viti viwili vya barazani, vya mninga, vyenye mikono mipana ya kuwekea kikombe. Kimoja chake. Kimoja cha Mama Eliana. Chake kilikwanguka kwa kukaliwa. Cha pili kilibaki kinang'aa, na kuku, nanyi mnawajua kuku wetu wa Singida, wakaanza kupanda pale. Binti yao Eliana anasema baba alikuwa akiwafukuza kuku kwenye kiti kile kama anafukuza wezi.

Kinamweru hakukanyaga. Miaka tisa, hata siku moja. Eliana alimuuliza sababu, na mzee alimjibu hivi: "Nikienda nitapapenda. Nikipapenda, nitashindwa kumdai."

Mama alistaafu Desemba. Alirudi na mvua za kwanza, watu wakipanda alizeti. Alirudi na begi, ndoo na mwavuli. Mzee akatafuta kwa macho kile kigoda. Mama akasema amekiacha, kile ni cha wanafunzi. Mzee anakiri iliuma. Hata kigoda?

Lakini ilikuwa miezi mizuri, wasikilizaji. Kuku walikoma. Viti viwili, vikombe viwili, upepo wa Singida, na mama akimuuliza kila kitu: msumari huu kwa nini, mbao hii inakaukaje. Kama hakuelewa alinyoosha mkono pale barazani, na mzee alicheka. Jioni moja, jua likiwa bado lipo, alimuuliza jambo lingine. Alimuuliza kama miaka ile yote, alipokuwa akimwambia mwaka huu tu, alikuwa anaelewa kweli.

Mzee Amosi akasema, "Nilielewa."

Mama akamtazama. Akanyoosha mkono, polepole, akitabasamu. "Mimi sijaelewa," akasema.

Mzee akacheka, akainuka, akarudi kwenye randa yake. Anasema maneno yalikuwa mdomoni. Nilikuhitaji hapa. Nilikuwa napika chai ya watu wawili. Alidhani ana muda, si amerudi? Wiki chache baadaye presha ilimwangusha mama, na hakuamka. Aliona alizeti ikipandwa. Hakuiona ikivunwa.

Msibani watu wa Kinamweru walikuja kwa lori, wakasimama uani mpaka hapakuwa na pa kuweka mguu. Laurenti, ambaye sasa ndiye mkuu wa shule, alimshika mzee mkono akamwomba jambo moja, afike shuleni siku moja tu. Alizeti ilipovunwa, mzee alimwambia Eliana ampeleke.

Walifika Laurenti akiwa kidato cha pili, anafundisha. Mzee Amosi alisimama mlangoni. Kule nyuma, mahali pake, kilikuwa kigoda chake. Kimekwanguka. Kimekaliwa na mtu kweli kweli. Watoto walisimama wakampa shikamoo, na mzee akapita katikati yao akaenda akakaa. Laurenti akaendelea na kipindi. Alipofika mwisho akauliza kama wameelewa.

Mzee Amosi akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "mimi sijaelewa."

Hakuna aliyecheka. Binti mmoja wa dawati la nyuma akachukua daftari lake, akapiga magoti kando ya kigoda, akaanza kumweleza tangu mwanzo. Mzee akauliza tena. Binti akarudia kwa njia nyingine. Akarudia tena, bila kuchoka, mpaka kengele ikalia.

Eliana alikuwa dirishani. Anasema baba yake alikuwa analia, na hakuyafuta machozi. Walipokuwa njiani kurudi alimuuliza kama hatimaye ameelewa. Mzee akasema hisabati bado. Ameelewa kwa nini mama hakurudi miaka ile yote.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote mnaotusikiliza, tunampa pole Mzee Amosi. Tunampa pole Eliana. Tunawapa pole walimu, wazazi na wanafunzi wa Kinamweru. Mlikuwa naye kwa zamu, na kila upande umebaki na njaa yake. Mungu amlaze pema Mwalimu Evodia Msengi.

Na ninyi wakuu wa shule mnaotusikia, kama shule yako iko mkiani, kabla hujashika fimbo, kaa nyuma ya darasa usikilize. Na sisi wengine wa majumbani, tumfikirie yule tunayemwitikia ndiyo kila siku huku moyo unasema hapana. Bado yupo? Basi mwambieni leo, angali anakaa kwenye kiti chake.

Tulipokuwa tunaaga, tulimkumbusha Mzee Amosi swali letu la mwanzo, ule ubao anatengenezea nini. Akasema ni kigoda cha kidato cha kwanza, maana Kinamweru kipo kimoja tu na watoto wanakigombania. Ndipo tulipotazama barazani. Kilikuwapo kiti kimoja. Cha pili, kile cha Mama Eliana, alikuwa amekivunja, na mbao zake ndizo zilizokuwa chini ya randa.